Safari ya Kitale na Bungoma: Nilivyojifunza kwamba hata mtu ana mipaka yake

BASI la usiku kutoka Nairobi lilitufikisha Kitale saa kumi na moja na nusu alfajiri, baada ya mwendo wa takriban kilomita 380. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Wauza chai walikuwa wamekwisha kuwasha majiko yao kando ya stendi, na vijana wa bodaboda walikuwa wamejifunika makoti mazito kama walinzi wa usiku. Nilinunua kikombe cha chai ya maziwa, nikakishika kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikagundua kwamba hakuna mtu aliyekuwa akiniita jina langu.

Msomaji mpendwa, sikwenda Kitale kutembea. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimetoroka.

Wiki tatu kabla ya safari hiyo, nilikuwa nimeketi kwenye meza yangu ya kazi nikisoma sentensi moja. Niliisoma mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Maneno niliyaona lakini maana haikuja. Mikono ilianza kutetemeka, na moyo ukawa unapiga kama ngoma ya isukuti. Mwenzangu mmoja alinishika mkono, akanipeleka kwa daktari. Shinikizo la damu lilikuwa limepanda. Daktari aliniuliza maswali mawili tu: "Mama, unalala saa ngapi?" na, "Nyumbani kwako ni nani anayekusaidia?" Sikuwa na jibu la lolote kati ya hayo.

Hebu nikuhesabie mzigo niliokuwa nao, huenda nawe ukajiona humo. Nilikuwa na kazi ya gazeti, ambayo haijui Jumamosi wala Jumapili. Nilikuwa na watoto wawili, na mume anayefanya kazi Mombasa na kuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Nilikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama wa mtaani. Nilikuwa katika kamati ya arusi ya binamu na kamati ya mazishi ya jirani. Simu yangu ilikuwa na makundi kumi na moja ya WhatsApp ya kuchangishana pesa. Juu ya hayo yote, karo ya watoto wa Kaka ilikuwa juu yangu. Kila aliyeniomba jambo nilimjibu, "Sawa, nitaona." Na kila mtu anajua kwamba kwa mtu kama mimi, "nitaona" maana yake ni ndiyo.

Daktari aliniandikia dawa kidogo na likizo ndefu. Nikampigia simu Mama Mdogo, dada yake mama yangu, anayeishi Kitale. Hakuuliza kisa. Alisema tu, "Njoo, mwanangu. Kitanda kipo."

Mji wa mahindi

Kitale ni mji wa mahindi. Ukiufikia mwezi wa Juni, utaona mashamba ya kijani pande zote hadi miguuni mwa Mlima Elgon, na ukiufikia wakati wa mavuno utapishana barabarani na matrekta yanayovuta mahindi na matela yaliyojaa magunia. Reli ilifika hapa mwaka 1926, wakati walowezi wa Kizungu walipokuwa wamezitwaa ardhi hizi kwa kilimo. Baada ya uhuru, mashamba mengi yaligawanywa kuwa makazi ya wananchi, ndiyo maana leo ukitembea sokoni utasikia Kibukusu, Kisabaot, Kipokot, Kiturkana na Kigikuyu katika safu moja ya vibanda.

Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa hapa mwaka 1956, na ni katika kituo cha utafiti cha Kitale ambako wataalamu walizalisha mahindi ya H611, mbegu ya kwanza ya chotara nchini, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964. Mahindi ya aina hiyo ya nyanda za juu hayana haraka. Hukaa shambani miezi sita hadi minane kabla ya kukauka.

Ukiwa na watoto, usiwakoseshe Makavazi ya Kitale. Yalianza kama mkusanyiko wa Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa vipepeo, ndege na vitabu, ambaye alifungua makavazi yake binafsi mwaka 1926. Alifariki mwaka 1966, na mwaka 1974 jengo jipya lilifunguliwa kwa umma. Nyuma yake kuna msitu mdogo wa asili wenye njia ya kutembea. Mimi niliketi humo asubuhi nzima bila kufanya lolote, nikiona aibu kana kwamba nimeiba kitu.

Ekari inayopumzika

Mama Mdogo ni mwalimu mstaafu. Shamba lake la ekari tatu liko nje ya mji, upande wa barabara ya kwenda Endebess, na kutoka ukumbini mwake unauona Mlima Elgon wote, ukiwa umevaa kofia ya mawingu. Siku ya pili alinichukua kulizunguka. Ekari mbili zilikuwa na mahindi yaliyofika mabegani. Ya tatu ilikuwa na maharagwe tu.

"Mbona hii hukupanda mahindi, Mama Mdogo?" nilimwuliza. "Si ungepata magunia zaidi?"

Alicheka. "Hiyo imechoka, mwanangu. Miaka ishirini nimepanda mahindi juu ya mahindi, na kila yakipungua nikaongeza mbolea. Mwisho wake ekari iliyokuwa ikinipa magunia ishirini na mitano ikanipa kumi na moja. Mtu wa kilimo alipopima udongo, akaniambia umejaa asidi. Kumbe ile mbolea ya DAP niliyokuwa nikiizidisha mwaka baada ya mwaka ndiyo iliyouchosha. Sasa nimeutia chokaa, nimeupandia maharagwe, na nimeuacha upumue."

Jambo hili wakulima wa Trans Nzoia wanalijua vyema. Tena ugonjwa wa mahindi wa MLN ulipogunduliwa Bomet mwaka 2011 na kuenea hadi maeneo mengine, wataalamu walisisitiza ushauri huo huo: mkulima abadilishe mimea, asipande mahindi msimu baada ya msimu pasipo kupumzisha shamba. Udongo ukizidiwa haupigi kelele. Hupunguza tu mavuno kidogo kidogo, nawe unadhani tatizo ni mvua.

Mama Mdogo hakusema neno jingine. Lakini tulipokuwa tukirudi nyumbani alinitazama kwa upande, nami nikaelewa kwamba hazungumzii maharagwe peke yake.

Mkebe wa ndugu

Jioni hiyo alikuja mwanamume mmoja, jamaa wa mbali wa upande wa mume wake marehemu. Alikaribishwa kiti, akaandaliwa ugali, kuku na mboga za mrenda. Alipokwisha kula na kunawa mikono, alieleza shida yake: alihitaji shilingi elfu nne za kumalizia bati la nyumba. Nilimhurumia. Mkono wangu ulikuwa tayari umeingia kwenye mkoba.

Mama Mdogo aliniangalia, mkono ukatoka mkobani. Kisha akamwambia mgeni kwa upole, "Shemeji, mkebe wa mwezi huu umekwisha. Njoo tarehe mosi tuangalie. Si ahadi, ni kuangalia."

Yule bwana aliinamisha kichwa, akashukuru kwa chakula, akaaga. Aliondoka akiwa ameshiba, bila pesa, na kwa kadiri nilivyoona, bila kinyongo.

Nilimwuliza mkebe ni nini. Alinionyesha mkebe wa zamani wa majani ya chai uliokuwa juu ya kabati. Kila mwezi, pensheni ikiingia, hutia humo kiasi alichokiamua yeye mwenyewe. Hizo ni pesa za shida za watu: matanga, hospitali, karo, bati. Zikiisha tarehe 5, zimekwisha. Zikibaki, zinaongezwa mwezi ujao. "Kwa hivyo simnyimi mtu," alisema. "Mkebe ndio unaokataa."

Hakuanza maisha yake ya kustaafu namna hiyo. Alinisimulia kwamba alipopata malipo yake ya uzeeni, watu walikuja nyumbani kama nyuki. Huyu alitaka mtaji, yule alitaka nauli ya kwenda Uarabuni kutafuta kazi, mwingine alitaka kulipiwa mahari. Hakuweza kumkatalia yeyote. Miezi minane baadaye akaunti ilikuwa tupu, na yeye alikuwa hospitalini na vidonda vya tumbo. Ilibidi auze ng'ombe wa maziwa alipe gharama.

"Na wale uliowasaidia?" nilimwuliza.

"Walikuja kunitazama," akajibu. "Walileta machungwa."

Nzohe wa Saiwa

Kabla sijaondoka Kitale, nilifunga safari fupi ya kwenda Saiwa. Hii ni mbuga iliyo kaskazini mwa mji, ukishika barabara ya Kapenguria, karibu na kituo cha Kipsaina. Ilitengwa mwaka 1974, na ndiyo mbuga ya kitaifa iliyo ndogo kuliko zote nchini Kenya, kwani ina ukubwa wa kilomita mraba tatu hivi. Wakubwa wa Mara na Tsavo wataicheka. Lakini ina jambo ambalo mbuga hizo hazina: gari haliingii. Unaliacha langoni, unatembea kwa miguu juu ya mbao zilizopangwa kwenye kinamasi, kisha unapanda jukwaa la mti na kungoja.

Anayengojewa ni nzohe, swala wa majini. Ana kwato ndefu zilizopanuka zinazomwezesha kutembea juu ya matope bila kuzama, na akiogopa huingia majini mpaka zibaki pua peke yake. Nilingoja saa mbili. Hatimaye jike mmoja alitokeza katikati ya matete, akala taratibu, akatutazama, akapotea tena. Hakuwa na haraka ya kuonekana na mtu.

Kutoka juu ya jukwaa unaona kitu kingine. Mashamba ya mahindi yamefika ukingoni kabisa mwa mbuga. Watu ni wengi, na ardhi haiongezeki. Nilijiuliza: kama mwaka 1974 asingetokea mtu wa kusema "mwisho wa jembe ni hapa," leo nzohe hawa wangekuwa wapi? Hakuna aliyewachukia. Kila mkulima angesogeza jembe hatua moja tu, kwa sababu nzuri tu, kwa ajili ya watoto wake tu. Na kinamasi kingekwisha. Mpaka wenyewe si mkubwa, lakini ndio uliookoa kilichobaki.

Mwana wa Mlima Elgon

Barabara ya kutoka Kitale kwenda Bungoma hupita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Lugulu hadi Webuye, kisha unageuka kulia kufuata barabara kuu ya Malaba. Safari yote hiyo Mlima Elgon unakusindikiza kwa upande wako wa kulia. Kilele chake cha upande wa Kenya, Koitobos, kina urefu wa mita 4,222. Nilipokuwa nikiutazama kupitia dirisha la matatu, nilimkumbuka mwana mmoja wa mlima huo, marehemu Ben Jipcho.

Vijana wa leo huenda hawamjui. Jipcho alizaliwa Mlima Elgon mwaka 1943, akafariki mwezi wa Julai 2020. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, Kipchoge Keino alikabiliwa na Mmarekani Jim Ryun katika mbio za mita 1,500, mtu aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia. Jipcho ndiye aliyetoka mbele kwa kasi kali, akakimbia mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56 hivi, ili aivunje mbio hiyo kwa faida ya Keino. Mpango ulifaulu. Keino alishinda dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 34.9, na Ryun akamfuata kwa mbali. Jipcho, aliyekwisha nguvu zake zote, alimaliza wa kumi.

Sisi tumezoea kuisimulia habari hii kama kisa cha kujitolea, na ni kweli. Aidha, Keino mwenyewe alikimbia Mexico akiwa mgonjwa wa nyongo, kinyume cha ushauri wa madaktari, nasi tunamsifu kwa hilo. Tumelelewa kumheshimu mtu anayekwenda hadi aanguke.

Lakini habari ya Jipcho haikuishia hapo, na hii sehemu ya pili hatuisimulii mara kwa mara. Baada ya Mexico alikimbia mbio zake mwenyewe. Mwaka 1972 alipata fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji mjini Munich, nyuma ya Keino. Mwaka 1973 aliweka rekodi ya dunia ya mbio hizo. Mwaka 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, alinyakua dhahabu mbili na shaba moja. Mtu huyo aliyemaliza wa kumi hakuwa dhaifu. Ila siku ile ya Mexico nguvu zake zilikuwa zimetumiwa kwa ushindi wa mwingine. Kumkimbilia mwenzako mara moja, kwa hiari yako, ni heshima. Lakini kama angefanywa msukumaji wa wengine katika kila mbio ya maisha yake, rekodi ile ya 1973 isingepatikana.

Matatu ilisimama Webuye, mji uliokuwa ukiitwa Broderick Falls enzi za ukoloni. Hapa ndipo Mto Nzoia unaporuka miamba ya Nabuyole, na juu yake kuna kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Hapa pia kuna kiwanda cha karatasi kilichofungwa mwaka 2009 na kuuzwa mwaka 2016. Kiwanda kikubwa kikifungwa katika mji wa kadiri hii, mshahara mmoja uliobaki katika ukoo hugeuka mti wa kuegemewa na watu kumi. Ndugu zetu hawatuombi kwa sababu wana tamaa. Wanatuomba kwa sababu mti uliosimama ni mmoja. Hilo tulikumbuke kabla ya kuwalaumu.

Kikao chini ya mwembe

Nyumbani kwetu ni nje kidogo ya mji wa Bungoma, mahali ambapo siku ikiwa tulivu unaweza kusikia malori ya barabara ya Malaba yakibadilisha gia. Nilifika Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi Kaka mkubwa aliitisha kikao chini ya mwembe. Alikuwapo Mama, Mjomba, shemeji yangu, na watoto wawili wa Kaka, vijana waliotahiriwa mwaka 2022. Kwa Wabukusu tohara hufanyika mwezi wa Agosti katika miaka ya nambari shufwa, na aliyekwisha kupitia hapo hahesabiwi tena mtoto.

Kaka alisema jambo lililoonekana limekwisha kuamuliwa. Vijana wote wawili wangekuja Nairobi, waishi kwangu, nami niwalipie vyuo mpaka wamalize.

Miezi mitatu iliyopita ningesema, "Sawa, nitaona." Safari hii nilikuwa na karatasi mkononi. Usiku wa mwisho Kitale, Mama Mdogo alikuwa ameniketisha mezani na kuniambia, "Andika unachopata. Andika unachotumia. Kinachobaki ndicho chako cha kutoa. Usitoe kutoka kwenye afya yako, maana hiyo haina tarehe mosi."

Nilisimama. Sauti ilitetemeka mwanzoni. Nikawaambia kuhusu daktari, jambo ambalo sikuwa nimemwambia yeyote pale. Nikasema nyumba yangu ya vyumba viwili haitoshi vijana wawili wakubwa. Nikasema nitamlipia mmoja nusu ya karo kila muhula, na kwamba sitaweza zaidi ya hapo. Nikawasomea hesabu yote.

Kaka alikunja uso. "Ng'ombe haelemewi na nunduye," alisema.

Wote walinyamaza. Ilikuwa methali nzito, na ilisemwa na mkubwa wangu mbele ya Mama. Nilijibu kwa adabu niliyoweza, "Ni kweli, Kaka. Lakini pia kila ndege huruka na ubawa wake."

Mjomba ndiye aliyevunja ukimya. Aliwageukia vijana. "Nyinyi mnazungumziwa kama magunia. Mwasemaje?" Ikajulikana kwamba yule mkubwa hakuwa hata akitamani Nairobi. Alitaka kusomea kazi ya umeme katika chuo cha Sang'alo, hapo hapo Bungoma, ambapo angelala nyumbani. Mdogo wake alisema angependa kufanya kazi na Mjomba kwa mwaka mmoja kwanza, akusanye chake. Mjomba akaahidi nusu ya pili ya karo ya yule mkubwa. Jambo lililokuwa limenikosesha usingizi kwa miezi lilipata njia kwa nusu saa, kwa sababu tu mtu mmoja alisema ukweli wa uwezo wake na wengine wakapata nafasi ya kusema wao.

Nisikudanganye kwamba kila mtu alifurahi. Kaka aliinuka kabla chai haijaletwa. Hakuniaga nilipoondoka, na mpaka ninapoandika makala haya hajanipigia simu. Linaniuma. Mpaka una gharama yake, na anayekuambia kwamba utauweka na wote wakupigie makofi hajawahi kuuweka.

Usiku huo Mama aliniletea maji ya moto niweke miguu, kama alivyofanya nilipokuwa mtoto. Aliketi kwenye kigoda, akakaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Baba yako alikuwa hivyo hivyo. Kila mtu alimjia, na kila mtu alipata. Alipoanza kulalamika kifua, hakuna aliyemwambia apumzike. Nami pia sikumwambia." Baba yetu alifariki akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, akitoka kwenye harambee.

Wewe je?

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kizungu, kwamba Mwafrika ni mtu wa watu. Mimi siamini kwamba kusaidiana ni kosa. Mimi mwenyewe nilisomeshwa kwa harambee, na bila ng'ombe aliyeuzwa na Mjomba nisingemaliza chuo cha uandishi. Ninachosema ni kwamba anayesaidia naye ni mmoja wa watu hao. Hata Mama Mdogo hakumfungia mgeni mlango. Alimlisha kwanza.

Tena si mambo ya kubuni. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya mtu kuchakazwa na kazi kuwa ni matokeo ya mkazo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa, likataja dalili zake tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimawazo, na kushindwa kuifanya vizuri kama zamani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo kila baada ya miezi kumi na miwili. Ni wangapi wetu huziacha siku hizo zikapotea, tukidhani tunaonyesha bidii?

Kwa wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, mipaka haianzi siku ya kupata mshahara. Kama wewe ndiye unayewaandikia wenzako kazi zote za kikundi, kama huwezi kulala kabla ya kujibu kila ujumbe wa simu, anza sasa. Lala. Sema, "Leo siwezi, labda kesho." Usitunge uongo mrefu wa kujitetea, maana uongo huo utaulinda kwa nguvu zile zile ulizotaka kuziokoa.

Nawe mzazi, ukiona mwanao wa Nairobi, wa Mombasa au wa ng'ambo amenyamaza kwenye simu anapoombwa, usikimbilie kusema amebadilika. Mwulize kwanza kama amekula na kama analala.

Mimi nimerudi kazini. Nimekabidhi hazina ya chama kwa mwingine, nimetoka katika makundi manane kati ya yale kumi na moja, na Jumapili simu yangu huzimwa hadi jioni. Yule kijana wa Sang'alo alinitumia picha ya risiti ya karo wiki iliyopita, yenye majina mawili: langu na la Mjomba. Chini yake aliandika, "Asante Shangazi. Pumzika."

Na jikoni kwangu, juu ya kabati, kuna mkebe wa majani ya chai. Mwezi huu umebaki na shilingi mia tatu. Zikiisha, zimekwisha, mpaka tarehe mosi.

Jumapili njema.